Sabuni Iliyorudishwa Chanjani

Makina, Kibera,
Nairobi.
12 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Sabah,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, umevaa soksi, na umekula kitu zaidi ya mkate wa kupaka. Leeds ikoje? Baridi imewaachia kidogo, au bado mnatembea mmejifunga kama magunia ya makaa? Sisi huku ni wazima wa kusukumana. Goti langu la kulia linatabiri mvua kuliko redio, la kushoto linalipinga. Upara umeshamaliza kichwa, sasa unatafuta shingo. Idi tuliswali salama, nyama tulikula, na kiti nilichokitengeneza kwa mikono yangu hii kikavunjika nikiwa nimekikalia mbele ya wageni. Kwa hivyo furaha haikukosekana.

Utajiuliza mbona mjomba anaandika barua kama mkoloni wakati kuna simu. Nyumba yetu unaijua. Ukuta ni udongo, paa ni mabati, na mtu akipiga chafya Makina, anajibiwa pole kutoka Gatwekera. Ninayotaka kukwambia hayafai kusemwa kwa sauti wakati mama yako amelala upande wa pili wa ukuta. Kiharusi kilichukua mkono, mguu na nusu ya mdomo. Masikio kiliyaacha, tena naona kiliyanoa. Riyadh wa hapa jirani anasafiri kuja huko, nimemkabidhi bahasha na nimemtisha asiifungue.

Nianze na swali lako. Ujumbe uliomtumia kaka yako Umar nimesomewa. Unasema ile miche ya sabuni aliyokufungia mama yako ulipoondoka imetoa jasho, imeota madoa ya rangi ya chungwa, inanuka mafuta ya kale, na unauliza uitupe au vipi. Halafu kwa ujasiri kabisa unaeleza kwamba uliiweka kwenye mkebe wa biskuti, ukafunika, ukauacha bafuni.

Sabah. Mtoto wa Sitti. Kilembwe wa wapika sabuni. Bafuni! Ndani ya mkebe! Hata mimi, ambaye niliwahi kuotesha uyoga ndani ya kiatu nikiwa bado nakivaa, nisingefanya hivyo.

Usiitupe. Mbona nasisitiza, utaona mbele. Itoe kwenye mkebe leo hii, kwa kuwa chuma huiozesha sabuni ya mkono kama kutu inavyoharibu maji ya kunywa. Chukua kisu kisicho na kutu, kwangua kila doa mpaka ufike penye rangi ya maziwa. Usioshe. Najua mkono utakuwasha kuosha, lakini kuosha sabuni iliyotoa jasho ni kumnywesha maji mtu anayezama. Ifute kwa kitambaa kikavu cha pamba. Kisha itafutie chanja. Kama huko hamna chanja, vijiti vya mbao vilivyolazwa sambamba vinatosha, mradi hewa ipite chini na juu. Kila kipande kikae peke yake, kisimguse mwenzake. Iwe chumba cha kulala, mbali na dirisha linaloingiza jua, mbali na jiko, na mbali na manukato yako, maana sabuni ni mbea: inabeba harufu ya kila aliyepita. Unakumbuka ule mwaka mama yako alianika jirani na yule mama wa Soweto West anayeuza omena? Makina nzima ilikwenda kuswali Ijumaa ikinuka ziwa.

Na uigeuze. Kila unapotandika kitanda, igeuze. Ikishakauka, ifunge kwa kitambaa cha pamba au karatasi ya gazeti, kamwe isiwe nailoni. Ukiwa unatumia kipande, kisilale kwenye maji kama chura. Kiweke juu ya vijiti kipumue, na uwe na viwili, kimoja kikifanya kazi kingine kinapumzika.

Ujuzi huu wote haukutoka kwangu. Mimi na sabuni tunajuana kwa mbali, ungemuuliza mke wangu marehemu angekueleza. Umetoka kwa Becky, mke wa kaka yako. Ndiyo, Becky yuleyule. Ni yeye aliyesema na mimi nikaandika, na habari yenyewe ninayokuletea ni yake yeye na mama yako.

Desturi ya nyumba yetu unaijua. Si ya Wanubi wote, wenzetu hawana wazimu huu, ni ya nyumba yetu tu, na nahisi bibi yetu aliitunga siku alipoamka na hasira. Mke anayeolewa kwetu hupewa sabuni mbichi, imetoka tu kukatwa, kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, bado inachoma ndani, aitunze chanjani mpaka ikomae. Siku ikifika wanawake hukusanyika. Yeye huigusa sabuni kwa ncha ya ulimi mbele yao kuonyesha kwamba haiumi tena, mama mkubwa wa nyumba huipokea, wote hunawa mikono kwayo, na bibi harusi huketi nao kwenye sinia moja. Kuanzia hapo ni wa nyumbani. Kabla ya hapo, hula jikoni.

Huo mtihani wa ulimi mimi naujua vizuri. Utotoni ndimi niliyekuwa ulimi wa nyumba. Bibi akipika, ananiita nionje, na kama bado haijaiva narushwa kama nimeshika waya wa stima. Ndiyo maana sijawahi kutambua chakula kibaya, na ndoa yangu ilikuwa ya amani.

Becky alipewa zake wakati wa zile mvua za Novemba, na bati la chumba cha nyuma lilikuwa linavuja. Msichana wa watu akaambiwa neno moja tu: zisilowe. Akatafuta njia. Serikali ilikuwa imetoka kupiga marufuku karatasi za nailoni, naye alikuwa ameficha furushi lake kama watu wengine wote, akafunga kila mche na karatasi yake, akakaza na mpira. Zilipendeza. Hadia dada yako alimsifu, akamwambia, "Wifi, umezifunga vizuri, zinakaa ni kama zawadi." Naye Hadia alijua.

Mama yako pia alijua. Nilikuwa pale napigilia mguu wa chanja. Alisimama mlangoni, akatazama zile sabuni zinavyotoa jasho ndani ya nailoni, akavuta mtandio, akanikonyeza.

"Dada, si umwambie," nikasema.

"Wewe pigilia misumari yako."

Nilimnong'oneza Becky mimi mwenyewe, akazifungua mbio mbio, lakini mafuta yalikuwa yameshaanza kuoza. Sabuni ni kama moyo wa mtu, ikishachacha ndani hufuti kwa nje.

Siku yenyewe ulikuwepo. Njambi, mama yake Becky, alikuja kutoka Kawangware na kilemba kipya na kreti ya soda, akakalishwa mbele. Mimi nilikuwa mlangoni na benchi begani, kwa hivyo niliona. Becky akaigusa kwa ulimi, uso ukamkunjamana kidogo, akaukunjua haraka. Mama yako akaipokea, akainusa. Akampelekea Njambi puani.

"Nusa, mama mwenzangu. Inanuka nini?"

Njambi ni mwanamke mwenye ploti. Yeye ndiye huuliza maswali, wapangaji ndio hujibu. Lakini ni mkweli, akasema polepole, "Inanuka chipsi."

Wanawake walianguka. Wewe ndiye uliyekuwa umeshika birika la kunawia, na ulicheka mpaka maji ukayamwaga kwenye viatu vyangu. Sikulaumu, kicheko kile umekirithi, na viatu vilikuwa vinahitaji kuoshwa.

"Mama Umar," Njambi akasema, "si mtoto hufundishwa?"

"Kwetu hatufundishi," mama yako akajibu. "Tunaonja."

Halafu akamrudishia Becky ile sabuni, kwa sauti tamu kama sharubati ya ukwaju. "Bado. Irudishe chanjani."

Siku hiyo Becky alikula jikoni, na mama yake hakula kabisa. Njambi aliondoka akiwa amebeba soda yake haijafunguliwa, akavuka mitaro yetu yote na kile kilemba bila kukishika.

Ulipoondoka kwenda huko, ulidhani yale yalikwisha. Hayakwisha. Becky alijifunza kupika sabuni mwenyewe, kwa kuchungulia, kwa kuharibu, kwa kuungua vidole. Mwaka uliofuata akaleta nyeupe, ngumu, inayolia kama kigae ukiigonga. Mama yako akainusa. "Bado. Irudishe chanjani." Nikaomba kuonja, nikaonja, nikasema mbele ya wote kwamba hii imekomaa. Mama yako hata hakunitazama. "Ulimi wa fundi," akasema, "umezoea vumbi la mbao." Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao, maana ilikuwa kweli.

Ikawa hivyo kila mwaka. Analeta, inanuswa, bado. Kwenye harusi ya Hadia, Becky alipika wali wote uliowashibisha watu, akaula amesimama jikoni kwa mwiko wa kupakulia. Nilimwendea Umar sokoni Toi anapouza viatu, nikamwambia mkeo anaumizwa. Akasema, "Uncle, hiyo ni vita ya wamama. Mimi niko Toi tu." Kaka yako huyo. Nimemwona akikimbia paka.

Sasa kiharusi. Hiyo habari unaijua, na pesa za dawa unazotuma zinafika, Mungu akuzidishie. Usichokijua ni maisha ya ndani. Hadia ana watoto wadogo na visingizio vikubwa. Anayemlisha mama yako ni Becky. Anayemgeuza kitandani asitoboke vidonda ni Becky, upande huu, upande ule, kwa utaratibu uleule anaogeuzia sabuni. Anayemwogesha ni Becky. Muuguzi anayempitia amesema hajaona mgonjwa wa kiharusi aliyetunzwa hivi katika mtaa huu.

Lakini ngozi ya mama yako imekataa kila kitu cha dukani. Tumejaribu ya mtoto mchanga, ya majani, ya maziwa, hata ile ya bei iliyomfanya muuza duka aniulize kama nimeshinda kamari. Zote zinamtoa vipele, ngozi inababuka kama rangi ya ukuta mbovu. Ngozi hiyo tangu kuzaliwa haijui sabuni nyingine ila ya nyumbani. Miche aliyoipika kwa mkono wake kabla ya kuugua tuliitumia kwa kubania, mpaka kipande cha mwisho kikawa chembamba kama ukucha, kikayeyukia mkononi mwa Becky baada tu ya Ramadhani.

Akabaki maji matupu. Na dada yangu, yule aliyekuwa akipita njia ya msikitini watu wakajua amepita kabla ya kumwona, sasa ananuka kitanda. Anajua. Akija mgeni anavuta shuka kwa ule mkono mzima mpaka kidevuni.

Ningekwambia hakuna sabuni nyingine duniani ningekuwa mwongo. Njambi aliniita Kawangware nikamtengenezee mlango. Ploti yake unaifahamu, vyumba vimepangana kama meno, na hakuna hata kimoja kinacholala bila mtu. Mlango wenyewe ulikuwa wa chumba cha mwisho. Nikaufungua nikakuta hakuna kitanda, hakuna sufuria, hakuna mtu. Ukutani chanja juu ya chanja, na juu ya chanja sabuni. Dari imepigwa mbao ili joto la mabati lisishuke. Dirisha dogo upande usio na jua, limewekewa wavu panya wasiingie, maana panya huila sabuni ya mafuta ya ng'ombe kama mandazi. Kila safu imefunikwa kitambaa cheupe. Zile za chini zilikuwa zimegeuka rangi ya pembe ya ndovu. Ni zile zote zilizorudishwa, Sabah, mwaka hadi mwaka. Becky alikuwa akitoka kwetu nazo, anapeleka kwa mama yake, na kila Jumapili baada ya kanisa anakwenda kuzigeuza.

Nikamuuliza Njambi mbona hapangishi chumba kizuri hivi.

"Kina wapangaji," akasema, akafunga.

Hadia aliposikia alikwenda mbio kuomba. Njambi alimpokea vizuri sana. Alimpa chai, akampa mkate, akamfungia na sukuma wiki za kubeba. Sabuni hakumpa. Alimwambia hizo ni za mtoto wake, aulizwe mtoto wake.

Basi mtoto wake aliulizwa. Aliyemuuliza ni mama yako, kwa ule mdomo wa nusu, na neno "sabuni" lilimchukua muda kama wa kupanda mlima. Becky akasema, "Sawa, Mama." Ijumaa iliyofuata akaja nayo.

Mimi huwa nipo mwanzo wa kuogeshwa, kwa sababu namwinua na kumketisha kwenye kiti nilichomtengenezea. Ndiyo, nimekiunda mimi, na bado hakijavunjika, acha kucheka. Nikishamketisha natoka. Siku hiyo kabla sijatoka Becky akafungua kitambaa. Harufu ikajaa chumba, harufu ya nyumba hii tulipokuwa watoto. Mama yako akafumba macho. Machozi yakamtoka jicho moja, lile linaloweza.

Becky akaisogeza karibu na pua yake, akamwachia anuse sana. Akaigusa kwa ncha ya ulimi. Akafikiri, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Bado, Mama," akasema. "Irudi chanjani."

Akaifunga. Kisha akamwogesha kwa maji ya vuguvugu, kwa upole kama wa kuogesha mtoto wa siku saba. Nilimsikia nje ya pazia akimwambia, inua mkono Mama, hivyo hivyo, pole Mama.

Baadaye nikamfuata jikoni. "Becky, mwanangu, nipe nionje." Akanipa. Nikaonja. Sabah, imetulia kama jiwe la mtoni. Bibi yetu hakupika sabuni kama ile. Nikamwambia, "Hii imekomaa mpaka basi."

Akaichukua mkononi mwangu, taratibu, akaifuta pale nilipoilamba.

"Ulimi wa fundi, Uncle," akasema, "umezoea vumbi la mbao."

Halafu akanimiminia chai, sukari kama ninavyopenda, na akaniuliza habari za goti.

Umar naye alijikaza mara moja akatoka Toi. Niliwasikia, ukuta wetu unaujua. "Babe, si umpee tu? Ni sabuni."

"Nitampa ikikomaa."

"Itakomaa lini sasa?"

"Si uulize mamako. Yeye ndiye anajuanga."

Umar akarudi Toi.

Kila Ijumaa ni hivyo. Kitambaa kinafunguliwa, harufu inajaa, ulimi unagusa, bado. Hakuna siku amempandishia mama yako sauti. Hakuna siku uji umepoa. Ukitaka kumshitaki kwa wazee hutapata la kusema, utasemaje, kwamba anafuata desturi yetu?

Ijumaa iliyopita ndiyo iliyoniketisha kuandika. Becky alikuwa ameshasema neno lake na anakunja kitambaa, mara mama yako akainua ule mkono mzima, akamshika kifundo cha mkono. Akamshika kwa nguvu, niliona vidole vimekuwa vyeupe. Akaanza kucheka. Unakikumbuka kicheko chake, sasa kinatoka upande mmoja tu, lakini ni kilekile. Na akasema, neno moja likingoja lingine:

"Leo... umekuwa... wetu."

Na alimaanisha, Sabah. Namjua dada yangu. Sijawahi kuona akimtazama Becky kwa mapenzi kama yale. Alikuwa akimtazama kama anavyokutazama wewe. Mimi nikajua yamekwisha, nikageuka hata nikaanza kutafuta beseni.

Becky aliutazama ule mkono. Akaanza kuutoa, kidole kimoja kimoja, polepole bila kuumiza, kama mtu anayebandua sabuni iliyoshika mbao. Akaulaza juu ya paja la mama yako, akaufunika na taulo.

"Bado, Mama."

Sasa ndipo ninapofika kwako. Mama yako akiachwa peke yake ana sentensi moja anayoweza kuisema bila kukwama: Sabah ana sabuni yangu. Anaisemea ukuta, anamwambia muuguzi, ananiambia mimi kila asubuhi kana kwamba sijawahi kusikia. Anaamini umezifunga kitambaa, umeziweka juu ya chanja, na unazigeuza. Habari ya mkebe wa biskuti sijamwambia, na sitamwambia. Mimi ni mwoga, na mara hii nashukuru.

Lakini Becky anajua. Ujumbe wako uliingia kwenye simu ya Umar, na simu ya Umar ni ya Becky. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliketi akaniambia chukua kalamu, akanitajia yote uliyoyasoma hapo juu, kukwangua, kukausha, kugeuza, akanirekebisha nilipoandika uoshe. Alipomaliza akaongeza hivi, nami nakunakilia kama alivyosema: "Mwambie asiitume kwa mtu. Aje nayo mwenyewe. Na asijali, nitaionja mimi."

Kwa hivyo ikaushe vizuri, mpwa wangu. Kwangua mpaka doa la mwisho. Mambo ya kazi najua ni magumu, unaogesha wazee wa watu huko na nimeonyeshwa picha wakikusifu. Omba likizo. Sabuni hukaa. Dada yangu sijui. Na utakapofika usimame mbele ya Becky na mche wako mkononi, usiwe na wasiwasi wa nani atashika birika la kunawia. Nitalishika mimi, na nitajitahidi nisicheke.

Hadia anakusalimu na kukukumbusha viatu vya watoto. Umar anakusalimu kutoka Toi, ambako ni salama. Njambi wa Kawangware anakusalimu, kwa ufupi. Mama yako hajui kama naandika, lakini salamu zake unazo, nimeshakuandikia zilivyo.

Mwenyezi Mungu akukinge na baridi, akulainishie njia, na akulete ukiwa mkavu.

Wako akupendaye, pamoja na magoti yake mawili yasiyosikizana,

Mjomba wako,
Abdelrahim